Kutumia Maamuzi ya Mahakama Katika Kuwasaidia Watu Wenye Matatizo ya Uhamiaji

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wasaidizi wa kisheria wa sharika za mpakani



Nianze kwa kukiri jambo moja. Mimi si mwanasheria. Shahada yangu ni ya maendeleo ya jamii, na kwa miaka mingi kazi yangu katika Dayosisi imekuwa visima, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Suala la uhamiaji sikulitafuta, lilikuja lenyewe mlangoni. Ukifanya kazi katika mkoa unaopakana na Rwanda, Burundi na Uganda, siku moja utamkuta mama amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako tangu saa kumi na mbili asubuhi, na anachotaka kuzungumza hakihusu mbuzi.

Mama huyo alikuja kwangu mwaka 2019. Kijana wake wa kiume, wa miaka ishirini na minne, alikuwa ameshushwa kwenye basi njiani kuelekea Mwanza. Hakuwa na kitambulisho cha taifa wala cheti cha kuzaliwa. Nyumbani kwao wanazungumza Kihangaza, lugha ambayo mtu asiyeijua vizuri ataiita Kirundi. Alishtakiwa kwa kuwepo nchini isivyo halali. Aliposomewa shitaka alijibu, kwa maneno yake mwenyewe, "Ni kweli sina kibali." Akatiwa hatiani siku hiyohiyo. Faini ilikuwa kubwa kuliko thamani ya ng'ombe wote wa familia, hivyo akaenda gerezani, na juu yake ikawekwa amri ya kuondolewa nchini akimaliza kifungo.

Shikeni maneno hayo, "Ni kweli sina kibali." Nitayarudia baadaye, maana kesi nzima ilikuwa ndani ya maneno hayo manne na mimi sikuyaona.

Nilichofanya mimi kilikuwa hiki. Nilikuwa nimesikia kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu mwaka 2018 dhidi ya Serikali yetu katika kesi ya uraia. Nikaitafuta, nikaichapa kurasa zote, nikaibana kwa pini, nikaenda nayo kwenye ofisi moja ya uhamiaji nikiwa nimevaa koti. Nikamwambia afisa kwamba Mahakama ya Afrika imekwisha kuamua kuwa ni kazi ya Serikali kuthibitisha kuwa mtu si raia, si kazi ya mtu kuthibitisha kuwa ni raia. Afisa alinisikiliza kwa adabu. Akaniuliza, "Ni aya ya ngapi, Mratibu?" Sikujua. Akafungua kurasa mwenyewe, akasoma kidogo, kisha akasema, "Huyu wa kwenye hukumu alikuwa na pasipoti ya Tanzania, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kupigia kura. Wa kwako ana nini?"

Nikabaki kimya. Afisa yule hakunionea. Alifanya kile ambacho wakili yeyote mzuri angefanya, yaani kutofautisha kesi iliyo mbele yake na kesi niliyomletea. Leo nataka tujifunze kufanya kazi hiyo kabla hatujafanyiwa sisi.

Kwanza tuweke mipaka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi kama wasaidizi wa kisheria, lakini haitufanyi mawakili. Hatusimami mahakamani kumwakilisha mtu. Kazi yetu ni kusikiliza, kuandika, kukusanya nyaraka, kumweleza mtu haki zake na kumfikisha kwa wakili akiwa bado na muda. Basi mtauliza, hukumu za mahakama zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu zinatuambia tukusanye nini. Mtu asiyejua mahakama ilitazama nini katika kesi iliyopita atamletea wakili faili lenye barua tano za kusikitisha na lisilo na hata karatasi moja yenye manufaa.

Hukumu zote hazina uzito sawa. Katika nchi yetu, uamuzi wa Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama zote zilizo chini yake. Uamuzi wa Mahakama Kuu huzifunga mahakama za chini, lakini jaji mwingine wa Mahakama Kuu anaweza kuwa na maoni tofauti, ingawa hataupuuza hivihivi. Maamuzi ya iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ile ya zamani kabla nchi yetu haijaanzisha ya kwake mwaka 1979, bado yanatumika kila siku. Hukumu za Kenya au Uganda humshawishi hakimu, hazimlazimishi. Hukumu ya Mahakama ya Afrika inaibana Serikali iliyoshtakiwa katika shauri lile, na kwa hakimu wetu wa wilaya ni hoja nzito ya kumshawishi. Ukimpelekea kana kwamba ni amri kwake, utamfunga masikio.

Halafu, ndani ya hukumu yenyewe si kila sentensi imeamua kesi. Jaji anaweza kueleza historia, kutoa maoni ya pembeni, hata kulalamika. Unachotafuta ni ile sababu ambayo ukiiondoa, matokeo ya kesi yangebadilika. Hiyo ndiyo inayobebwa kwenda kesi nyingine. Wanasheria wana jina la Kilatini kwa jambo hili na wengi wao hulipenda sana. Nimehudhuria semina ambapo tulitumia asubuhi nzima kwenye Kilatini na mchana tukaenda nyumbani. Leo hatutafanya hivyo.

Tuichukue sasa ile hukumu niliyoibeba bila kuisoma. Ni ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyotolewa tarehe 22 Machi 2018. Mwaka 2012 Bwana Anudo alikwenda polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake. Uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikachukuliwa. Mwaka 2014 alipofuatilia pasipoti yake katika ofisi ya uhamiaji alikamatwa, na siku chache baadaye akaondolewa kwenda Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, mahakama ya huko ikamwona yuko nchini isivyo halali, akarudishwa mpakani. Tanzania haikumpokea. Akaishi katika kile kipande cha ardhi kilicho kati ya vituo viwili, upande wa Sirari, ambacho hakina mwenyekiti wa kijiji, hakina zahanati, hakina mtu wa kumwandikia barua. Wale mliowahi kuvuka kwa miguu mnakijua kipande hicho. Sisi hukipita kwa dakika chache tu.

Mahakama ilisema nini? Ilisema kwamba kwa kuwa Serikali inaupinga uraia ambao mtu amekuwa nao tangu kuzaliwa, kwa nyaraka ambazo Serikali yenyewe ndiyo iliyozitoa, basi wajibu wa kuthibitisha kinyume chake uko kwa Serikali. Ilisema pia kwamba, pale ushahidi wa watu ulipopingana kuhusu wazazi wake, kulikuwa na njia ya kupima vinasaba. Ikaona kuwa alinyang'anywa uraia kiholela, akafukuzwa kiholela, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Ikagusa Sheria ya Uraia kama ilivyokuwa mbele yake, kwamba haikumpa raia wa kuzaliwa njia ya kwenda mahakamani uraia wake unapopingwa, ikaagiza sheria irekebishwe kuweka njia hiyo.

Sasa soma tena ile sababu. "Nyaraka ambazo Serikali yenyewe ndiyo iliyozitoa." Hayo ndiyo maneno yaliyobeba hukumu. Kijana wangu hakuwa na hata moja. Ukimpelekea afisa au hakimu hukumu ya Anudo kwa mtu asiye na karatasi, unampa yeye silaha ya kukuambia, "Kumbe na Mahakama ya Afrika inataka nyaraka." Lakini kwa yule ndugu aliyekuja hapa jana na kitambulisho cha mpiga kura na cheti cha kuzaliwa, ambaye ameambiwa alete pia cheti cha babu, hukumu hii ni yake kabisa. Mnaiona tofauti?

Hukumu ya pili ilikuja tarehe 28 Novemba 2019, ya Robert John Penessis, pia dhidi ya Tanzania. Bwana huyu alikamatwa Januari 2010, akashtakiwa kwa makosa ya uhamiaji, akapita mahakama za ndani na gereza, naye muda wote akisema ni Mtanzania. Katika ushahidi wake kulikuwa na kiapo cha mama aliyesema huyu ni mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa. Mahakama ikasema: mtu anayedai uraia anaanza yeye, anatoa ushahidi wa kutosha kwa mtazamo wa kwanza. Akishautoa, mzigo unahamia kwa Serikali kuuvunja. Serikali ikishindwa kuuvunja, mtu huyo ana haki yake. Ikaongeza kuwa uraia umeunganishwa na utu wa mtu, na ikaona pia kwamba uhuru wake na haki yake ya kutembea vilivunjwa.

Hukumu hii ndiyo iliyofanana na ya kijana wangu, na haikuwepo siku ile nilipovaa koti. Ilitoka miezi kadhaa baadaye. Hata ingekuwepo, isingenisaidia bila ule ushahidi wa kuanzia, na sikuwa nimeukusanya. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa kanisa lina kitu ambacho mawakili wa mjini hawana.

Kila usharika wenu una kitabu cha ubatizo. Katika kitabu hicho mna jina la mtoto, majina ya wazazi, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, wadhamini na mchungaji aliyebatiza. Kitabu kiliandikwa siku ileile, na mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kudanganya kuhusu uraia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiufikiria. Hilo lina uzito. Cheti cha ubatizo hakimpi mtu uraia, msimwambie mtu hivyo hata siku moja. Lakini kinaonyesha kwamba mwaka fulani mtoto huyu alikuwa hapa, mikononi mwa wazazi hawa, na wadhamini wake wakiwa hai wanaweza kuapa. Ongeza kadi ya kliniki, rejesta ya shule ya msingi, muhtasari wa mkutano wa kijiji unaomtaja baba yake akigawiwa shamba, kiapo cha mama na kiapo cha jirani mzee asiye ndugu. Hapo una kitu kinachoweza kuitwa ushahidi wa kutosha kwa mtazamo wa kwanza, na hapo hukumu ya Penessis inaanza kufanya kazi.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwenye usharika wa mama yule. Kitabu cha miaka ile kilikuwa kwenye sanduku chini ya madhabahu na mchwa walikuwa wamekula robo ya kurasa. Ukurasa wa kijana ulikuwapo, jina la baba limeliwa nusu. Nawaomba wachungaji, na ninaomba kwa uchungu: vitabu vitoke kwenye masanduku. Pigeni picha kila ukurasa, hata kwa simu, na nakala ije ofisi ya Dayosisi. Tumeomba makabati ya chuma kwenye bajeti ya mwakani na sijui kama wafadhili watayaona kuwa ni "mradi", lakini mimi nayaona hivyo.

Na hapohapo onyo. Kuna mwinjilisti mmoja alifuatwa na familia asiyoifahamu, akaombwa aape kwamba anamjua mtoto wao tangu kuzaliwa. Alikataa, nao wakamwita mkatili. Alifanya sawasawa. Kiapo kimoja cha uongo kikigundulika, viapo vyote vya usharika ule vinakufa, pamoja na vile vya kweli. Tukubali pia kwamba si kila anayekuja kwetu ni raia. Wengine ni wageni kweli, wengine ni wakimbizi. Hao tunawasaidia kwa njia zao, kibali cha ukaazi au taratibu za wakimbizi, na hatuwafundishi kudai kile ambacho si chao.

Nirudi kwenye "Ni kweli sina kibali."

Wakili aliyekuja kutusaidia hakuanza na Anudo wala Penessis. Aliomba mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa na hakimu kwa mkono siku ile. Akasoma jibu la kijana, akacheka, kicheko kisicho cha furaha. Akaniuliza, "Wewe Mratibu, una kibali cha kuishi Tanzania?" Nikasema sina. "Basi na wewe una hatia?"

Raia hana kibali. Hajawahi kukihitaji. Kijana alisema ukweli mtupu na ukweli huo haukuwa kosa lolote. Swali la kweli lilikuwa kama yeye ni raia au la, na swali hilo hakuulizwa.

Zipo hukumu mbili ambazo nataka kila mmoja wenu azijue kwa majina. Ya kwanza ni Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, ya ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Inaeleza hatua za kupokea kukiri kosa: shitaka na kila kipengele chake kisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, mwendesha mashtaka aeleze kilichotokea, mshtakiwa aulizwe kama anakubali au ana la kueleza, na akipinga jambo la msingi, iandikwe kwamba amekana. Ya pili ni Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1983. Kwa kawaida mtu aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia, anaweza tu kulalamikia adhabu. Hukumu hii inataja pale anapoweza: kama kukiri kwake kulikuwa na utata au hakukukamilika, kama alikiri kwa kukosea au kwa kutokuelewa, kama shitaka halikuonyesha kosa lolote kisheria, au kama yale aliyoyakubali hayawezi kumtia mtu hatiani. Mahakama zetu zimeyarudia maneno haya mara nyingi mno, hakuna hakimu atakayesema hajayasikia.

Tazameni jinsi kesi ya kijana inavyokaa ndani yake. Kukiri kwake kulikuwa na utata. Alikiri kwa kutokuelewa. Alichokikubali, kutokuwa na kibali, hakimtii raia hatiani. Na hakukuwa na mkalimani wa Kihangaza. Hukumu zenye nguvu kwake hazikuwa za uhamiaji hata kidogo. Zilikuwa za makosa ya jinai ya kawaida, na ndiyo maana sikuziona, kwa sababu nilikuwa natafuta neno "uraia" tu.

Kwa hiyo mnapokwenda mahakamani kusikiliza, kazi yenu iwe kuandika. Andikeni shitaka lilisomwa kwa lugha gani. Andikeni mshtakiwa alijibu nini, neno kwa neno. Je, kulikuwa na mkalimani? Andikeni tarehe ya hukumu kwa herufi kubwa, maana kuanzia hapo saa inahesabu. Rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu inataka taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Mfungwa anaweza kutoa taarifa hiyo kupitia gerezani. Mimi nilimaliza siku hizo 10 zote nikitafuta mashine ya kuchapia hukumu ya Arusha.

Wakili ilibidi kwanza aombe kuongezewa muda, na hilo peke yake lilichukua miezi. Rufaa iliposikilizwa, hatia ilifutwa. Haikuamriwa kesi ianze upya kwa kuwa kijana alikuwa amekaribia kumaliza kifungo. Mama yule alitembea na nakala ya hukumu ndani ya kitenge mpaka ikachakaa mikunjo.

Lakini sikilizeni vizuri kile ambacho hukumu hiyo haikusema. Haikusema kijana ni raia. Swali hilo halikuwa mbele ya jaji. Ilisema tu kwamba hakutiwa hatiani kihalali. Majirani walisherehekea kana kwamba amepewa uraia, na alipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa alirudishwa kuanza mahojiano kama mtu mwingine yeyote. Nilipata taabu sana kumweleza hilo. Ukimwambia mtu hukumu imesema kitu ambacho haikusema, unamtuma kwenye dirisha la ofisi akaumie badala yako.

Niguse haraka wafanyabiashara wa Rusumo na Kabanga, maana wengi wenu mmeniuliza wakati wa chai. Mwaka 2011 mwanasheria Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe akazuiwa kuingia Uganda na kurudishwa kwao siku hiyohiyo bila kupewa sababu. Alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo mwezi Mei 2013 ikaamua kuwa Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Nchi ina haki ya kumzuia mtu, lakini raia wa nchi mwanachama apewe sababu na asikilizwe. Mahakama hiyo haitaki umalize kwanza mahakama za ndani, ila ina mlango mwembamba: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu jambo litendeke au ulifahamu. Kwa mama muuza ndizi aliyerudishwa mpakani jana, kwenda Arusha ni mbali. Lakini anaweza kuuliza kwa upole, "Naomba sababu kwa maandishi." Kuuliza hivyo hakumgharimu kitu.

Sasa habari isiyopendeza. Wengi wenu bado mnawaambia watu, "Tutakwenda Mahakama ya Afrika." Mlango huo kwa mtu binafsi na kwa mashirika umefungwa. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja, na kuondoka huko kukaanza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Mashauri yaliyokwisha kufunguliwa kabla ya hapo yaliendelea, mapya hayapokelewi kwa njia hiyo. Hukumu ya Penessis ilitoka mwezi huohuo wa kuondoa tamko. Sijui mtu awe na hisia gani juu ya hilo, mimi zangu nimeshindwa kuzipanga. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, bado inapokea malalamiko, kwa masharti yake, likiwemo la kumaliza njia za ndani. Na hukumu zilizokwisha kutolewa hazikufutwa kwa kuondoka huko. Zimeandikwa, zinasomeka, wakili anaweza kuzitumia hoja zake mahakamani Bukoba kesho asubuhi.

Jinsi ya kuzipata. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Za Mahakama ya Afrika ziko kwenye tovuti yao. Nyingi ziko kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini hukumu za zamani zitabaki zilivyo, kwa hiyo kila kituo kiwe na mtu mmoja wa kuzisoma, hata kama ni mwalimu wa sekondari anayejitolea. Ukiipata hukumu, usianze na mwisho. Anza na kilichomtokea mtu, kiandike kwa mistari mitano. Kisha andika kando yake kilichomtokea mteja wako, mistari mitano. Zinapofanana, weka alama. Zinapoachana, weka alama kubwa zaidi, maana hapo ndipo utakapoulizwa. Andika namba ya aya. Mwombe wakili aangalie kama uamuzi haujatenguliwa na mahakama ya juu. Sheria nazo hurekebishwa na namba za vifungu huhama, hivyo usinakili kifungu kutoka kijitabu cha semina ya zamani, hata kama semina ilikuwa yangu.

Na mkifika ofisini kwa maafisa, nendeni kama watu wanaotaka kusaidiana. Afisa aliyeniuliza aya ya ngapi ndiye huyohuyo aliyeniambia, nikiwa mlangoni natoka, "Mtafutie kwanza karatasi za utotoni." Nilidhani ananifukuza. Alikuwa ananifundisha kazi, na nilichukua karibu mwaka mzima kuelewa.

Faili la kijana bado liko wazi. Anaomba usajili wa kuzaliwa uliochelewa kupitia RITA, na tunazo picha za kitabu cha ubatizo, kiapo cha mama, na kiapo cha mdhamini mmoja aliye hai, mzee wa miaka themanini na kitu anayekumbuka hata mvua ya siku ile. Ile nusu ya jina la baba iliyoliwa na mchwa bado inatusumbua. Tukitoka kula tutagawanyika katika makundi manne, na kila kundi litapewa nakala ya faili hilo, majina yameondolewa, pamoja na kurasa za Penessis. Nataka mniambie kama mzigo umehama au bado. Mimi na wakili hatujakubaliana.